Cha Kwanza Kuzaliwa Mwaka Huu

Ruti, Mbarara
19 Desemba 2005

Mama yangu mpendwa,

Yesu asifiwe. Mimi ni mzima, ni jua tu linatumaliza. Barua hii nimempa Musoni wa pikapu ya maziwa akuletee mpaka mlangoni. Akikuambia nimenenepa usimsikilize, ni matoke ya bosi wangu, Nyabo Mbabazi. Hapa wanapika matoke kana kwamba dunia inaisha kesho.

Mama, usikasirike. Noeli sitakuja, na Mwaka Mpya pia sitakuja. Nyabo amepokea kazi ya kushona magomesi ya harusi, ya bibi harusi na ya mashangazi wake wote, na mashangazi wenyewe ni wanene, kila mmoja anataka mabega yasimame juu. Cherehani ni mbili tu na mshonaji wa pili amekwenda kwao Ngarama. Nikiondoka sasa nitakuta msichana mwingine amekalia kiti changu. Nakuapia ni hivyo tu, hakuna kingine.

Najua umeshaniwekea fasi kwenye mkeka, na kikombe changu cha bati umekisugua kwa majivu. Usikiondoe. Nitakuja, sijui lini, lakini nitakuja.

Siku hizi moyo wangu hautulii, Mama. Nashona, nafumua, nashona tena palepale. Nyabo ananiuliza, "Benitha, akili yako iko wapi?" Namjibu iko Nakivale. Uniombee mwaka huu unaokuja. Ninauogopa bila sababu.

Msalimie Muzee Mutware na wazee wote wa kanisa.

Binti yako,
Benitha


Nakivale, Base Camp
3 Januari 2006

Benitha,

Nimekusamehe, lakini si sana.

Musoni alifika na barua yako mbele ya wanawake wote wa kisimani. Nikamuuliza, "Umemwona kwa macho yako?" Akasema, "Nimemwona Mama, amenenepa." Nikamwambia watu wa mjini wananenepa, wewe shika njia yako, maziwa yataganda. Usicheke Kiswahili changu. Kinyamulenge sijui kukiandika, mkono wangu ulifundishwa Kiswahili cha misioni na hauna kingine.

Mwaka umefunguka na mashaka mingi. Posho yetu wakimbizi imepunguzwa. Ziwa limerudi nyuma mpaka tunakanyaga matope pale tulipokuwa tunachota. Vijana wetu na wafugaji wa wenyeji wameshikana fimbo kwa ajili ya maji, mmoja amevunjwa mkono. Na maneno! Asubuhi unasikia tutahamishwa, saa sita unasikia tutarudishwa Kongo, jioni unasikia kuna ndege ya kupeleka watu Amerika. Hata waombaji wangu wa Alhamisi wameacha kuomba, wanaulizana habari.

Lakini Mungu alitupatia kitu kimoja: Mwaka Mpya uliangukia Jumapili. Tukafanya malimbuko sawasawa, asubuhi, kanisa limejaa mpaka nje. Wewe kule milimani ulikuwa mgongoni kwangu, hukuona vizuri. Kila nyumba ilisimama siku ya kwanza ikamtolea Mungu nadhiri ya kitu kitakachozaliwa kwanza mwaka ule. Babu yako aliahidi ndama. Siku ya kumleta, ndama akaingia kanisani na mama yake nyuma, kama desturi inavyotaka, maana ndama bila mama atanyonya nini? Ng'ombe akasimama mbele ya mimbari akajisaidia pale pale. Mwinjilisti akaendelea kuhubiri. Tulicheka mpaka tukalia, na hakuna aliyemfukuza.

Safari hii Karekezi ameahidi kifaranga na hana kuku. Mke wake alimfinya, watu wote tukaona. Wengine wameahidi mbuzi, wengine maboga. Mimi nilisimama na sauti yangu yote, unaijua. Nikasema: "Cha kwanza kuzaliwa nyumbani mwangu mwaka huu ni cha Bwana. Nitakileta mimi mwenyewe, kwa mikono hii, mbele ya kanisa lote." Muzee Nehemiya, mkubwa wa wazee, akauliza kanisa kama limesikia. Kanisa likajibu limesikia. Watu wote waligeuka kunitazama, maana wanajua sina kitu isipokuwa Bihogo, huyu ng'ombe niliyepewa na Mutware, na hiyo ni mimba yake ya kwanza.

Sasa niko na amani kidogo. Wewe je?

Mama yako,
Shemasi Nyirabahire


Ruti
8 Januari 2006

Yonatani,

Nakuandikia kupitia Bienvenu wa vitenge, anapita Bujumbura Jumanne. Ukipata karatasi hii jibu siku hiyohiyo, usingoje kuwa na habari nzuri.

Mama ameweka nadhiri. Mbele ya kanisa zima, na baba yako ameketi kwenye benchi la wazee akisikia: cha kwanza kuzaliwa nyumbani mwake mwaka huu ni cha Bwana. Anafikiri ni ndama. Lakini baba yako mwenyewe ndiye aliyesema Bihogo atazaa mvua za Machi zikianza. Na mimi mkunga wa hapa Ruti ameniambia mwisho wa mwezi huu. Huu, Yonatani! Mtoto wako ndiye wa kwanza.

Umeelewa? Kwetu kitu kikishakuwa cha Bwana hakirudi nyumbani. Ndama wa nadhiri harudi zizini. Tangu nisome barua ya Mama, mtoto akitulia tumboni natetemeka, akicheza natetemeka. Nasema labda Mungu amesikia maneno ya Mama na ameshaanza kunyoosha mkono. Nimemficha Mama, nimemficha mchungaji, nimejifunga vitenge viwili, na sasa Mungu amepita dirishani.

Uliniambia, "Nakwenda kutafuta ng'ombe za mahari, nitarudi kabla hajazaliwa." Ulisema hayo mwezi wa saba. Sikukuomba ng'ombe. Nilikuomba twende wote kwa Mama nikiwa bado nafunga kanga vizuri. Wewe ukasema baba yako Mutware hawezi kuwa na mtoto anayeoa mikono mitupu. Haya, mikono yako ina nini sasa?

Sikutukani. Nina hofu tu, na hapa hakuna wa kumwambia isipokuwa cherehani.

Benitha


Ruti
9 Januari 2006

Mama,

Nimefurahi malimbuko yalikwenda vizuri. Nimecheka sana habari ya Karekezi.

Nina ombi dogo. Ile nadhiri yako, Mama, ungeirekebisha kidogo. Ungemwambia Muzee Nehemiya kwamba ulitaka kusema "cha kwanza kuzaliwa zizini." Nyumbani ni neno kubwa sana. Je, paka akizaa? Hata panya wanazaa nyumbani. Watu wanaweza kukucheka. Zizini ni wazi, kila mtu ataelewa ni ndama.

Ni wazo tu. Lakini ufanye Jumapili hii, tafadhali, usichelewe.

Benitha


Nakivale
14 Januari 2006

Benitha,

Zizini! Tangu lini umekuwa wakili wa ng'ombe?

Nadhiri si mkono wa gauni, uufumue ukiona unabana. Nilisema nyumbani, ni nyumbani. Paka sina, na panya wa Nakivale hawana dini.

Nakutumia kwa Musoni chupa ya samli na unga wa ulezi. Samli usiigawe, na uji unywe asubuhi kabla ya kugusa cherehani, mzito, si ule wa kuonea haya. Na umwambie Mbabazi atafute mtu mwingine wa kupandisha maji kutoka bondeni. Wewe ulikwenda kushona, hukwenda kuwa punda.

Hapa tuna huzuni. Jumapili Mukamazimpaka, yule wa sauti ya juu katika kwaya, aliwekwa benchi la nyuma. Ana tumbo na hana mume. Nehemiya alisoma jina lake, akatoka kwenye kwaya na nguo yake ya kuimbia, akatembea mpaka mwisho kabisa, karibu na mlango. Mama yake alikaa mbele pamoja nasi, hakugeuka hata mara moja. Aliimba, tena kwa nguvu. Jambo hilo limenichoma, sijui niseme nini. Dhambi ni dhambi, sibishi. Lakini mama aliimba.

Mvua hakuna. Bihogo anakula majani makavu ya mahindi na kunitazama kama mimi ndiye niliyefunga mbingu.

Kula, nimesema.

Mama yako


Uvira
22 Januari 2006

Benitha wangu,

Barua imefika, Bienvenu ameniletea mpaka bandarini Kalundu ambako ninabeba mizigo. Nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya magunia ya unga na bosi ananipigia kelele.

Ukweli ni huu. Ng'ombe za baba zilizobaki juu milimani hakuna. Nilipanda mpaka kijijini kwetu, kila bariyeri ya barabarani wanajeshi wanakuuliza wewe ni wa nani, na nilipofika nikakuta zizi limeota nyasi. Zimeshaibwa zote, zamani. Mjomba alinionyesha mfupa wa pembe akasema huyu alikuwa wa baba yako. Nikashuka tena. Sikukuandikia kwa sababu nilitaka kwanza nipate hata ndama mmoja wa kusema nimekuja naye.

Nadhiri ya Mama yako nimeielewa, na mimi pia naogopa. Lakini nitakuja namna gani? Nisimame mbele ya baba yangu na kandambili? Atasema nilitoka nikiwa mwanaume nikarudi kuwa mzigo. Nipe mwaka huu. Mwaka mmoja tu, Benitha, nibebe mizigo nitafute kitu.

Ninaomba kila siku. Sijui kama ninaomba vizuri, maana ninachoomba kila mara ni ng'ombe.

Yonatani


Ruti
28 January 2006

Mama Benitha,

Jambo. Mimi naitwa Mbabazi, ile ya kushona. Samahani Swahili yangu iko ya barabarani, nilijifunza kwa mabwana ya jeshi walikuwa wanaleta uniform kushona.

Benitha iko hospitali toka jana. Iko na mimba. Kama ulikuwa hujui, bambi, pole, sasa unajua. Mtoto anakataa kutoka. Daktari anasema labda watapasua. Yeye analia tu, anasema mtoto ni ya Mungu, Mungu anakuja kuchukua. Mimi naenda kanisa pia, nyabo, lakini hiyo Mungu yenyu sijui.

Kuja mbio. Musoni anangoja na pikapu, nimemwambia awache maziwa.

Mbabazi


Ruti
16 Februari 2006

Mama,

Kidonda kinapona. Mtoto ananyonya mpaka anasahau kupumua. Nyabo Mbabazi amemshonea kofia kwa kipande cha gomesi la shangazi mnene kuliko wote.

Tangu uondoke nawaza maneno yako. Ulikuja hospitali, ukanishika miguu, ukalia, ukamwosha mtoto, siku zote zile hukuniuliza hata baba yake ni nani. Nilikuwa nimejiandaa kwa fimbo, Mama, si kwa ukimya. Kisha mlangoni ukageuka: "Tarehe ishirini na sita mtakuja kanisani, wewe na yeye."

Siwezi. Nikiingia pale Nehemiya atasoma jina langu, nitatembea mpaka benchi la mlangoni kama Mukamazimpaka, na wewe utakaa mbele na ukanda wako wa ushemasi. Na mtoto je? Utamweka mbele ya mimbari, halafu iweje? Nani atamchukua? Nimemkuta hai, Mama. Usimrudishe mbele ya Mungu amtazame mara ya pili.

Sikiliza. Niache hapa Ruti. Nyabo anasema mtoto anaweza kulala chini ya meza ya kukatia nguo. Bihogo karibu atazaa. Peleka ndama, useme ndiye wa kwanza. Nani atajua?

Nakupigia magoti.

Benitha


Nakivale
20 Februari 2006

Benitha,

Mimi nitajua.

Musoni atakuwa mlangoni kwenu Jumamosi. Mvalishe mtoto sweta, pikapu ina upepo.

Mama


Nakivale, Base Camp
7 Machi 2006

Yonatani mwana wa Mutware,

Barua hii hukuitarajia. Bienvenu wa vitenge amekubali kukuletea, baada ya mimi kumkalia pale dukani mpaka akachoka. Benitha amelala, kwa hiyo hawezi kunizuia. Kaa vizuri kwenye magunia yako usome.

Una mtoto wa kiume. Alitolewa kwa kisu, mwisho wa mwezi wa kwanza. Ninakuambia mwanzo kabisa ili usome yanayofuata ukiwa unapumua.

Sasa sikiliza. Mwezi wa nane Benitha alikuja kwa mazishi ya shangazi yake. Nikampa maziwa ya kuchacha, akageuza uso akasema yananuka. Binti yangu, aliyelelewa kwa maziwa hayo! Akalala mchana, mikono juu ya tumbo. Nimezaa mara tano, nimezika watatu, naijua mikono ile. Na wewe ulikuwa umeondoka na mguu wa mwizi, hukuaga mtu. Hata kipofu angeunganisha.

Sikumwuliza. Ningemwuliza angekimbia mbali kuliko Ruti, namjua. Nikangoja anieleze mwenyewe, akaniletea habari za mashangazi wanene. Nikawa naomba kila Alhamisi na sijui naomba nini. Niliona benchi la mlangoni, nikaona mwanangu amelikalia, kisha nikaona siku atakaposema basi, kanisa ni la ninyi, na kambi ni ya ninyi, akabaki mjini na mjukuu wangu asijue hata jina la babu yake. Mwaka huo ndio nilikuwa nauogopa, si njaa. Njaa tumeizoea.

Basi siku ya malimbuko nikasimama nikasema nyumbani. Nilijua Bihogo ni wa Machi. Nilijua nani anatangulia. Nilikusudia, Yonatani. Nilitaka mtoto huyu awe wa Bwana kabla hajawa aibu ya mtu yeyote.

Lakini nisikudanganye kwamba nilikuwa jasiri. Benitha aliponiandikia nibadilishe iwe zizini, nilijua anaogopa Mungu atamchukua, na mimi hofu hiyo ikaniingia pia. Nilimjibu kwa mzaha na samli. Kisha ikaja barua ya Mbabazi. Kwenye pikapu Musoni aliimba, nikamwambia anyamaze. Pale hospitali nilikaa chini kwenye nyasi, nje ya dirisha, nikamwambia Mungu waziwazi: "Bwana, nilisema ni wako. Sikusema umchukue. Kama ulimi wangu umekosa, huu hapa, uukate, lakini mlango wa chumba kile uupite." Nilisema hivyo mpaka sauti ikaisha. Mama mmoja wa Kinyankole akaja akanifunika leso yake, hakujua Kiswahili wala mimi Kinyankole. Kisha mtoto akalia. Na mimi nilitapika, kwa furaha, kama mlevi.

Jumapili ya ishirini na sita nikavaa ukanda wangu wa ushemasi, nikamchukua mtoto mikononi. Wakati wa malimbuko ulipofika Karekezi alipeleka kifaranga, alikuwa amekinunua. Kisha nikatoka mimi. Nehemiya akashusha miwani: "Shemasi Nyirabahire, hapa tunapokea ndama na kuku."

Nikasema, "Muzee, nilisema neno gani Mwaka Mpya? Kanisa, nilisema nini?"

Wanawake wangu wa Alhamisi wakajibu, neno kwa neno: "Cha kwanza kuzaliwa nyumbani mwangu mwaka huu ni cha Bwana."

"Basi huyu ndiye. Bihogo hajazaa, nendeni mukamwone. Nimemleta kwa mikono hii."

Akasema, "Na baba yake?" Nikamwambia sikuahidi kuleta baba. Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha.

Ndipo nikageuka nikamwita Benitha. Alikuwa amejibana mlangoni, benchi lile lile, kabla hata hajaitwa jina. Nehemiya akainua mkono: "Yeye abaki kwanza." Nikamwuliza, "Muzee, wewe ni mtu wa milimani kama mimi. Ndama wa malimbuko alikuwa anaingia na nani?"

Anaijua desturi kuliko mimi, baba yake alikuwa mwinjilisti, yule wa siku ng'ombe alipojisaidia. Nikasema, "Basi mwacheni mama yake apite. Mtoto atanyonya nini?"

Akaja. Alitembea polepole kwa sababu ya kidonda, na Mukamazimpaka, tumbo mbele, akanyanyuka kwenye benchi akamshika mkono wakaja wote wawili. Hilo sikulipanga mimi.

Wazee wakanong'onezana muda mrefu. Wakasema atatubu, na Meza ya Bwana hataigusa mpaka Pasaka. Nilikubali, ni haki. Benitha alitubu kwa mdomo wake mbele ya wote, sauti ndogo lakini nzima, na jina lako hakulitaja. Nilimwangalia nikasema moyoni, huyu msichana ni mkubwa kuliko mimi.

Sasa baba yako. Mutware alikuwa kwenye benchi la wazee. Akainuka na fimbo yake, akafika, akaomba mtoto. Akamvua soksi. Akakitazama kidole cha pili cha mguu, kile kilichopanda juu ya kikubwa, kama chako, kama chake. Kisha akaligeukia kanisa akasema, "Nyirabahire nilimpa ng'ombe. Nilikuwa nangoja anirudishie ndama." Akavuta koti lake akamfunika mtoto mpaka kichwani, akarudi kwenye benchi la wazee, akaketi naye pale mpaka mwisho wa ibada. Mtoto alimkojolea. Hakusogea.

Baadaye nilimwambia habari ya zizi lililoota nyasi, maana Benitha amenisomea barua yako. Akasema, "Hizo ng'ombe nilizilia siku nilipoziacha. Nani alimwambia azitafute?" Akasema tena, "Mwambie nina mwana mmoja tu." Kisha akaenda kumwangalia Bihogo, ingawa Bihogo alikuwa hana shida yoyote.

Mwaka haujawa mwepesi. Posho ni ileile, maneno ya kuhamishwa bado yanasemwa, na Jumapili wako wanaopita mbali na mkeka wetu. Mimi pia sijatulia. Kila asubuhi naamka naweka kiganja mbele ya pua ya mtoto, nasikia pumzi, nasema asante, mpaka kesho. Labda ndivyo kitu cha Mungu kinavyotunzwa.

Wewe usiombe tena ng'ombe. Omba nauli. Kandambili zako hakuna atakayezitazama, na akizitazama nitakuwa karibu.

Jina hatujampa. Wengine wananiletea majina ya manabii, nawaambia subirini. Kwetu jina linatoka upande wa baba, na Mutware anakataa, anasema hawezi kumpa jina mtoto ambaye baba yake yu hai. Tunamwita Mgeni. Ameanza kutulia ukimwita hivyo, na hilo silipendi hata kidogo.

Mvua imeanza leo asubuhi. Bihogo amezaa ndani yake, jike, mwenye doa jeupe. Wamevuka salama wote wawili.

Njoo, Yonatani, umwite mtoto wako kabla hajalizoea hilo jina.

Nyirabahire, bibi yake